Trola zikae nje ya maili 3

Mhariri,

Naomba nafasi niseme juu ya hizi trola, meli zinazokokota wavu kuvua kamba (wale wadudu wa baharini wa kuliwa), huku ghuba ya Ungwana, pwani ya Kenya. Sheria ipo tena iko wazi, ule mpango wa uvuvi wa kamba wa 2010 unasema trola isivue ndani ya maili 3 za baharini kutoka ufukweni, isivue usiku, na kuanzia Novemba 1 mpaka Machi 31 zisimame zote kamba wadogo wapate kukua. Sasa nani anaangalia?

Sisi wa Ngomeni mpaka Kipini tunategemea hayo maji ya karibu maana kamba wanafuata matope ya mito Sabaki na Tana, na mwenye mtumbwi hana mashine ya kumpeleka mbali. Mtu anatega jarife, wavu wake, jioni, trola inapita nalo usiku, alfajiri akirudi anakuta boya moja na kipande cha ugwe basi, na lile jarife ni la mkopo bado analipa. Alafu trola yenyewe inazoa kila kitu, samaki wadogo wanatupwa baharini washakufa, inauma sana kuona vile.

2006 serikali ilizisimamisha kwa miaka kadhaa kwa hivyo isituambie haiwezi. Tukipiga simu usiku boti ya doria itoke usiku huo huo sio wiki ijayo, BMU, kamati za wavuvi za ufukweni, nao waonyeshwe kwa setilaiti meli iko wapi, na ikishikwa ndani ya mpaka mvuvi aliyeharibiwa nyavu alipwe kwanza kabla haijaachiliwa.

Mvuvi, Ngomeni