Mwanangu, usinionee huruma kwa ajili ya yale magazeti

Mwanangu,

Mjomba wako kanipigia simu akasema wikendi ulipokuwa kwake alikuelezea jinsi mimi na babu yako tulivyokuwa tunasambaza magazeti pale Jinja, na wewe ukanyamaza sana alafu ukasema "kumbe mama aliteseka hivo". Hilo neno limenikaa moyoni ndo maana nakuandikia. Sikuteseka mwanangu. Shida nyumbani ilikuwepo, sikufichi, babu yako alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani na sisi wote tunalala vyumba viwili Walukuba, lakini ile kazi ya alfajiri usiiweke kwenye fungu la shida. Niliipenda na mpaka leo naipenda.

Magazeti yalikuwa yanachapwa Kampala usiku, yanapakiwa kwenye gari, linakata msitu wa Mabira na giza lake lote linakuja kuvuka Nile pale juu ya bwawa la Owen Falls, maana hilo daraja la nyaya unalopenda kupiga nalo picha limefunguliwa 2018 tu, sisi tulikuwa tunapita juu ya bwawa lenyewe. Saa kumi na moja hivi tunasubiri Main Street, nimejitanda leso ya bibi yako kwa ajili ya baridi ya ziwani. Gari hata injini halizimi. Bunda linatupwa chini, babu yako anakata kamba kwa wembe, yeye anahesabu mimi nakunja. New Vision, Monitor, Bukedde. Na watu walikuwa hawachanganyi, aliyezoea Monitor humpi New Vision hata kama ndo imebaki peke yake.

Kukunja nako kuna namna yake. Unalilaza gazeti kwenye paja, unalikunja kwa urefu, unapitisha ukingo wa kiganja mpaka mkunjo ushike, alafu unalikunja tena na ile ncha unaichomeka ndani, likikaa vizuri unalirusha juu ya geti na halifunguki hewani. Wino unakuwa bado mbichi, vidole vyeusi, harufu yake hiyo mpaka leo nikipita karibu na kiwanda cha kuchapa vitabu nasimama. Mvua ikinyesha kila gazeti na kaveera yake, ule mfuko wa plastiki, na babu yako anavua koti analifunika bunda, yeye analoa. Sikuwahi kumsikia akilalamika.

Basi mimi juu ya karia ya baiskeli na bunda mapajani, tunaanza na maduka ya Main Street, tunaingia Lubas Road, tunashuka Nile Avenue kwenye yale majumba makubwa yenye mbwa. Mbwa wale ndo kitu pekee nilichokiogopa. Kulikuwa na mzee mmoja Mhindi, Idi Amin alimfukuza nchini 1972 yeye na familia yake yote na miaka ya tisini huyo mzee akarudi akarudishiwa nyumba ileile, yule alikuwa anafungua mlango kabla sijagonga, kavaa shuka na sweta, anapokea gazeti kwa mikono miwili, "asante binti". Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha walimu wangu. Unafikiri nani mwingine wa umri wangu alikuwa anajua mji mzima namna ile, nani anaamka mapema, nani anarudi zamu ya usiku hospitali, nani amehama bila kuaga.

Ila mwisho wa safari ndo ulikuwa wangu hasa, Walukuba kwetu. Unajua pale wanakaa watu wa kila namna, Wajaluo, Wasamia, Waacholi, Wakongo, watu waliofuata viwanda tangu enzi ya Mwingereza, na lugha iliyotuunganisha bombani ni Kiswahili. Gazeti la Kiingereza likifika linanunuliwa moja, linasomwa na watu ishirini. Wazee wanakaa na madumu yao kwenye foleni ya maji wananiuliza, "binti, leo wanasema nini?" Na mimi nasimama nasoma Kiingereza kimoyomoyo natoa Kiswahili kwa sauti, babu yako kashikilia baiskeli ananitazama, neno likinishinda mtu mmoja ananisaidia. Hapo ndo nilipojifunza kusoma mwanangu, sio darasani.

Mwezi wa tano 1996 ilipozama meli ya MV Bukoba kule karibu na Mwanza, wavuvi walipanda kutoka Masese asubuhi kutusubiri, wengine wana ndugu upande ule wa ziwa, na hakuna aliyesukumana. Nilisoma ukurasa wote, mama mmoja akaomba nirudie, nikarudia. Miezi miwili baadaye ikaja ya mkimbiaji wetu Davis Kamoga, shaba ya mita 400 Olimpiki ya Atlanta. Mbio zenyewe zilikimbiwa usiku wa kwao, huku kwetu ni usiku wa manane magazeti yameshachapwa, kwa hiyo habari tuliisikia redioni kwanza na gazeti likaja siku ya pili yake, watu washajua kila kitu na bado wakataka niwasomee! Mzee mmoja aliyemkumbuka Akii-Bua na dhahabu yake ya Olimpiki ya 1972 akanunua nakala yake mwenyewe, yeye ambaye siku zote alikuwa anasikiliza ya bure.

Sasa niambie mateso yako wapi hapo. Kulala mapema nililala, usingizi haukunipungukia, na pesa ile ndo iliyonilipia ada mimi na mjomba wako mpaka tukamaliza.

Babu yako usimwambie kwamba ulinionea huruma, atadhani alinikosea. Likizo ukija mwombe akutembeze Lubas Road, miguu bado inamruhusu, na majina ya wateja wote anayo kichwani. Ada ya muhula nimeshalipa, risiti anayo mjomba wako, atakuletea siku ya kutembelewa pamoja na lile sweta.

Mama yako