Barua kwa Mwanangu: Neno Fosili na Sandarusi ya Bibi

Bagamoyo

Mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu, sisi huku nyumbani hatujambo, ila mvua za vuli zimechelewa na kisima kimepungua maji. Barua yako imenifikia, na swali lako nimelisoma mara mbili: ikiwa fosili ni mifupa ya wanyama wa kale iliyogeuka mawe, inakuwaje gesi ya Songosongo, isiyo na mfupa wala jiwe, nayo Waingereza waiite nishati ya fosili?

Waingereza hawakulizua neno hilo. Asili yake ni Kilatini, na maana yake ya kwanza ni kitu kilichochimbwa. Zamani chochote kilichotolewa ardhini kiliweza kuitwa fosili, kiwe kito, madini au kombe lililogandamana na mwamba. Hata Georgius Agricola, msomi wa Kijerumani, alipochapisha kitabu chake juu ya fosili mwaka 1546, sehemu kubwa ya aliyoyaeleza ilikuwa mawe na madini. Maana ilibanwa polepole, na kufikia karne ya 19 neno likawa la masalia au alama za viumbe vya kale sana vilivyohifadhiwa ardhini, yaani visukuku kwa lugha yetu. Nimeandika "alama" kwa makusudi, kwa sababu nyayo za kale zilizoko Laetoli, kaskazini mwa nchi yetu, zenye umri wa miaka ipatayo milioni 3.6, hazina mfupa hata mmoja, na bado ni visukuku.

Sasa nikurudishe nyumbani. Unakikumbuka kile kipande cha njano kilichomo katika kijaluba cha bibi yako, chenye sisimizi ndani, ambacho ulikuwa ukikiinua juani ulipokuwa mdogo? Ile ni sandarusi, utomvu wa mti wa msandarusi uliodondoka, ukafukiwa na mchanga, ukawa mgumu. Katika karne ya 19 watu wa Mrima, yaani pwani yetu hii ya bara, waliichimba kwa majembe, mara nyingi mahali ambapo miti yenyewe ilikwisha kutoweka, ikavushwa Unguja na kupelekwa Ulaya na Marekani kutengenezwa vanishi ya samani na magari ya farasi. Wenyewe waliitofautisha na chakazi, ile mbichi inayobanduliwa mtini au kuokotwa chini yake, ambayo bei yake ilikuwa ndogo. Richard Burton, mpelelezi wa Kiingereza aliyeanzia safari yake pwani hii mwaka 1857, aliandika kwamba wageni walilivuruga neno chakazi hadi likafanana na neno lao la punda dume, "jackass". Nami kila nikilikumbuka hucheka peke yangu. Ile iliyochimbwa, Waingereza waliiita sandarusi ya fosili. Haikuwa mfupa wala jiwe, na kwa kawaida umri wake ni wa miaka mamia au maelfu tu, si mamilioni. Iliitwa hivyo kwa kuwa ilitoka ardhini. Maana ile kongwe ya Kilatini ilikuwa ingali hai katika magunia ya wafanyabiashara.

Kwa njia hiyo hiyo utaielewa gesi yako. Makaa ya mawe ya Ngaka yalikuwa mimea. Mafuta na gesi kwa sehemu kubwa vilitokana na vijimea na vijidudu vya majini vilivyozikwa matopeni, vikapikwa kwa joto na mgandamizo kwa mamilioni ya miaka. Vilikuwa hai, vikazikwa, vikachimbwa. Ndiyo maana huitwa nishati ya kisukuku. Anayekwambia kwamba petroli ni mafuta ya madinosaria, mwache na hadithi yake.

Jambo moja katika barua yako sikulipenda. Umeandika "fosili za Kaole". Msikiti na makaburi ya Kaole ni magofu, kazi ya mikono ya watu, na umri wake ni wa karne kadhaa tu. Ukiandika hivyo katika mtihani, msahihishaji hatakuonea akikunyima alama. Waingereza humwita fosili hata mtu aliyeng'ang'ania mambo ya kale, lakini hilo ni la mzaha, na kwa mzee lina dharau. Nimesikia ulivyomwita mjomba wako kwenye simu. Naye amesikia.

Kijaluba bado ninacho. Juzi muuza vinyago mmoja alitaka kukinunua kile kipande, akidai ni kaharabu, ule utomvu wa miti wa mamilioni ya miaka, na kwamba ana mgeni wa kumuuzia. Nikapaka tone la spiriti pembeni, nikamwambia aguse kwa kidole: kikanata. Kaharabu ya kweli hainati hivyo. Ameondoka bila kuaga, na sisimizi wetu yumo bado. Ukija likizo utamwona.

Mama yako