Kwa somo yangu, kuhusu duka la marehemu baba yako

Jumatano, 22 Januari 2025

Kwako somo yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Mama ameanza tena kutembea hadi msikitini baada ya ule mguu kumsumbua Desemba nzima, na amesema nitangulize salamu zake kabla ya neno lolote. Kaskazi inavuma, lakini joto halipungui. Naandika mlango wazi.

Najua siku hizi tumezoea kutumiana sauti kwa simu. Hili la leo nimetaka ulisome mara mbili, ulilale, kisha unijibu kwa raha yako. Linahusu duka la marehemu baba yako. Usishtuke, halijavuja wala halijavunjwa. Nina ombi juu yake, na ili unielewe sharti nikusimulie kikao cha Jumamosi.

Ile maktaba ya wadi tuliyoiomba miaka yote, mwaka jana iliingia kwenye bajeti ya kaunti. Niliiona kwa macho yangu kwenye karatasi zilizobandikwa ukutani kwa chifu. Kisha ukaja Juni, vijana wakaandamana kupinga Mswada wa Fedha, wengine wakafa, na tarehe 26 Rais akakataa kuutia saini. Kodi zile zilizotarajiwa zikawa hazipo, ikabidi matumizi yapunguzwe kila mahali. Kaunti zote 47 zilikuwa zimetengewa shilingi bilioni 400.1 kwa jumla, zikashushiwa hadi bilioni 387.4. Ukizisikia bilioni hizo redioni unadhani ni mambo ya Nairobi. Jumamosi zilifika chini ya mwembe wetu.

Msimamizi wa wadi alikuja na wahasibu wawili, akasimama na kusoma orodha ya miradi inayopendekezwa kuondolewa kwenye bajeti ya nyongeza. Paa la soko, limeondoka. Barabara ya kuteremkia pwani, imeondoka. Maktaba, imeondoka. Yaliyobaki ni bomba la maji na darasa la chekechea. Akasema anataka maoni yetu.

Somo, sikutarajia watu wangesema vile walivyosema. Nilikwenda nikiwa tayari kugombana, na aliyeanza akaninyamazisha. Ni yule mama anayekaa nyuma ya kinu, mwenye watoto sita. Alisema yeye huamka saa tisa usiku kupanga foleni ya maji, na akirudi na ndoo mbili hushukuru Mungu. Akasema, "Kitabu hakinyweki." Akakaa. Ningemjibu nini? Mimi nina tangi nyumbani.

Baada yake wakasimama wazazi wa basari, ule msaada wa karo. Wiki iyo hiyo kulikuwa kumetoka waraka wa Msimamizi wa Bajeti kwamba kaunti zisitoe basari mpaka pawe na makubaliano na serikali kuu, na wao wana watoto wamerudi shule kwa ahadi tu. Walitaka pesa za maktaba zigeuzwe karo. Mwingine akataka zijenge madarasa ya Gredi ya 9, maana mwaka huu ndio wa kwanza gredi hiyo kuwapo na watoto wamebanana kweli kweli. Hapo msimamizi wa wadi akaeleza vizuri, na nampa haki yake: kaunti hairuhusiwi kujenga madarasa hayo, ni kazi ya serikali kuu. Ya kaunti ni chekechea, zahanati, maji, na mengine yaliyotajwa katika Jedwali la Nne la Katiba.

Kusikia Jedwali la Nne, mwalimu wetu wa zamani akanyanyua bakora. Unamjua, yule aliyekuwa akitupiga kwa kuandika "h" mahali isipo. Alisema, "Na maktaba imo humo humo. Isome." Kweli imo, somo, imeandikwa kwa jina. Akaendelea kwamba sheria ya kuunda maktaba za taifa ilipitishwa 1965, uhuru haujatimiza hata miaka miwili, kwa sababu waliokuwa na akili wakati huo walikumbuka walivyofungiwa mlango. Maktaba ya McMillan kule Nairobi ilifunguliwa 1931 na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma ndani yake. Akasema pia Garissa wamekuwa wakiwapelekea watoto wa wafugaji vitabu juu ya ngamia tangu 1996, na kwamba kule maji ni shida kuliko hapa. Watu wakamsikiliza. Lakini nilimtazama yule mama wa ndoo, nikaona hayo ya Garissa hayajamfikia, na sikumlaumu.

Kisha likaja lile la simu. Kijana mmoja wa bodaboda, mtu mwema, anayenibebea vitambaa, akasema maktaba ni mambo ya zamani, kila kitu kimo kwenye simu. Hapo ndipo nikasimama.

Nikawaambia ninachokiona kila jioni. Cherehani yangu naiweka barazani, na juu yake pana taa moja. Ikifika saa moja usiku, watoto wanaanza kuja. Mwanzo walikuwa wawili, sasa ni saba au wanane. Hawaombi kitu. Wanakaa kwenye kizingiti na kwenye lile benchi la wateja, na wanasoma kwa mwanga unaonibakia. Juzi walikuwa watano na kitabu kimoja cha sayansi, jalada limetoka, kurasa za katikati zimeshonwa kwa uzi. Uzi wenyewe ni wangu, niliutambua kwa rangi. Msichana mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanaandika, akifika mwisho wa ukurasa anasubiri mpaka yule mdogo amalize, ndipo afungue. Yule mdogo anaandika polepole. Hakuna aliyemharakisha. Mimi nikasimamisha cherehani kwa sababu mlio wake ulikuwa ukiwafunika maneno, na pindo la gauni la harusi likalala mpaka asubuhi.

Nikamwuliza yule kijana: simu ya nyumbani kwako sasa hivi iko wapi? Akaitoa mfukoni. Nikamwambia, na usiku iko wapi? Akanyamaza, kwa sababu usiku yuko nayo stendi akingoja abiria. Hivyo ndivyo ilivyo nyumba nyingi hapa. Simu ni moja, inatoka na baba, na bando likiisha limeisha. Sikusema haya kumtahayarisha. Mwanawe ni mmoja wa wale wanane, na hakuwa akijua.

Nilipokaa nilidhani nimeshinda, kumbe bado. Bibi yule anayeuza vitumbua karibu na zahanati, hasemi sana, aliuliza swali moja: "Na mlango nani ataufungua?" Msimamizi akadhani hakusikia vizuri, akarudia habari za jengo. Bibi akasema jengo amelielewa. Anachouliza ni siku ya kwanza na siku ya mia, asubuhi na jioni, nani anakuja na ufunguo, na nani anamlipa. Akasema amewahi kuona jengo zuri la umma, limepakwa rangi, limekatwa utepe, na mbuzi wanalala barazani kwa kuwa mhudumu hakuajiriwa.

Somo, hapo mhasibu mmoja akasema ukweli uliotufungua macho wengi. Hata kwenye bajeti ile ya Juni, zilizotengwa zilikuwa pesa za ujenzi peke yake. Mshahara wa mkutubi haukuwamo, vitabu havikuwamo, umeme haukuwamo. Tungekabidhiwa kuta nne. Nilihisi baridi mwilini. Miaka yote tumeomba jengo, jengo, jengo, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuandika ombi la mtu wa kulifungua.

Unakumbuka maktaba ya Mombasa, tulipokuwa bweni? Jumamosi tunaomba ruhusa, tunakwenda kwa miguu kuokoa nauli. Mimi leo siwezi kukwambia kuta zake zilikuwa rangi gani. Ninayemkumbuka ni yule bwana wa mezani, mhuri wake wa tarehe, na jinsi alivyokuwa akituwekea kile kitabu kikubwa cha mwili wa binadamu chini ya meza ili asikichukue mwingine kabla hatujafika. Ulichora mapafu kwa penseli, kila mshipa, mpaka penseli ikaisha ukaniazima yangu. Sasa uko wodini Muscat. Nilimfikiria yule bwana siku nzima ya Jumapili.

Turudi kikaoni. Ilivyokwisha ni hivi. Tulikubaliana bomba la maji lisiguswe, na mimi nilinyoosha mkono kuunga. Tukataka iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba maktaba imeahirishwa, haikufutwa, na kwamba ikirudi irudi na mshahara wa mkutubi. Karatasi ya mipango ya fedha ya kaunti hutakiwa kufika kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 28 Februari, na makadirio yenyewe kabla ya 30 Aprili. Basi mwalimu, bibi wa vitumbua na mimi tumechaguliwa kupeleka barua kabla ya hapo. Yule mama wa nyuma ya kinu naye ametia saini. Alisema maji yakifika atakuwa na saa za kuwauliza watoto wamesoma nini.

Sasa ombi langu. Watoto hawawezi kungoja bajeti. Mwaka mpya wa fedha unaanza Julai, na hata ukianza hatujui. Mwalimu ana masanduku mawili ya bati yaliyojaa vitabu, anasema hataki kufa navyo uvunguni. Mahali pa kuviweka ndipo hatuna. Tulipokuwa tukitoka pale uwanjani nikapita mbele ya duka la baba yako, nikachungulia kwenye ule upenyo wa dirisha.

Rafu ziko vile vile, somo. Zile za mvule alizochongewa na fundi wa Lamu, kutoka sakafuni hadi darini, upande wa kulia sukari na unga, upande wa kushoto vitambaa. Kaunta ipo. Hata yale maandishi ya chaki ya madeni bado yapo nyuma ya mlango, na jina la mama yangu limo. Pana meta ya umeme, tokeni tu ndiyo ya kununua. Na pako ukuta kwa ukuta na baraza langu.

Nimezungumza na kaka yako. Amenipokea kwa heshima. Amesema kuna mtu wa saruji anataka kupakodi, hajampa jibu, na kwamba duka ni fungu lako katika urithi, neno ni lako. Sisi tuko tayari kulipa kodi. Haitafika ya mtu wa saruji, sikufichi. Wazee wa msikiti na kikundi chetu cha akina mama tumehesabu na tunaweza kutoa kitu kila mwezi. Tunaomba mpaka mwisho wa mwaka ujao. Mlango nitaufungua mimi, kuanzia saa kumi jioni hadi saa mbili usiku, siku zote ila Ijumaa, nitahamishia cherehani mle ndani. Nakwambia wazi kwamba hilo naliweza kwa miezi, siyo kwa miaka. Kazi ya yule bwana wa Mombasa ilikuwa na mshahara, na ndiyo maana alikuwapo kila tulipokwenda. Kwa hiyo barua ya Februari haitalegea kwa sababu ya duka.

Kama unapahitaji, au hesabu zako huko zinataka kodi kamili, niambie hapana na nitaelewa. Una ada za watoto na nyumba unayojenga. Nisingependa utoe kwa kunionea haya. Sisi tumetoka mbali mno kwa hilo.

Jambo moja la mwisho kuhusu yale maandishi ya chaki. Ukikubali, tutafagia na kupaka rangi kila mahali. Nyuma ya mlango sitagusa mpaka uje ukaone mwenyewe. Ni mwandiko wake.

Ufunguo uko kwa kaka yako, kwenye lile kopo la chai juu ya kabati. Amesema akisikia sauti yako atanipa siku iyo hiyo.

Mimi somo yako,
barazani, saa nne usiku, wa mwisho ameondoka sasa hivi