Kwa nini manukato ya vayoleti hupotea puani na kurudi

Baadhi ya wateja wamekuwa wakiturudishia manukato ya vayoleti wakilalamika kwamba harufu hukatika dakika chache baada ya kujipulizia, na mmoja wao, bibi aliyezoea udi na asumini, alituambia bila kumung'unya maneno kwamba tumemuuzia maji. Tulimwomba mjukuu wake anuse mkono ule ule, naye akasema mbona bibi ananukia sana. Hatujamaliza kuzungumza, bibi akaisikia tena mwenyewe.

Kasoro haimo chupani. Harufu ya ua la vayoleti hutokana hasa na kemikali ziitwazo ayononi, ambazo huchosha upesi vipokezi vya harufu vilivyomo puani, vikaacha kuzitambua kwa muda, kisha vikizinduka harufu huibuka upya kana kwamba umejipulizia sasa hivi. Wapo pia watu waliozaliwa na pua isiyoisikia vizuri beta-ayononi, aina mojawapo ya ayononi hizo, na hao hatuwalazimishi.

Tukubali pia kwamba maua yenyewe hayamo katika manukato haya, kwa kuwa mafuta yake ni machache mno na ghali kupindukia. Mwaka 1893 wanakemia wa Kijerumani, Ferdinand Tiemann na Paul Krüger, walitengeneza ayononi kutokana na sitrali, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayoupa mchaichai harufu yake. Kinachotoka shambani ni majani ya vayoleti, yanayolimwa Tourrettes-sur-Loup, karibu na mji wa Grasse kusini mwa Ufaransa, na ukiyanusa utadhani tango limekatwa mbele yako. Ubichi huo ndio unaoleta bustani ya mwanzo wa majira ya kuchipua, wakati udongo ungali umelowa, baridi haijaisha, na kiua cha zambarau kimejiinamia chini ya majani. Bila majani hayo, kwa maoni yetu, vayoleti hunukia poda tu.

Kwa hiyo siku hizi hatumuuzii mtu papo hapo: tunampulizia mara moja kwenye kifundo cha mkono, anakwenda zake sokoni, akirudi ndipo tunazungumza bei. Usiunusenuse mkono kila mara, na ukipulizia nguo, epuka kanzu nyeupe, maana dondoo la majani lina ukijani. Aliyekwisha kununua na bado hasikii kitu atuletee kichupa, hata kikiwa kimefunguliwa, tumbadilishie.