Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji: tuoneshe mkataba kabla hamjasaini

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Tabata hapa Dar, nina genge la mboga. Nakuandikia hadharani ili na majirani zangu wasome. Siku hizi ukiwasha redio ni ubia, sekta binafsi, mwekezaji, na mi sipingi, manake hata genge langu ni sekta binafsi. Ombi langu ni moja. Siku mkitaka kumkabidhi mtu maji yetu ayaendeshe, mkataba tuuone kwanza, kwa Kiswahili, kabla kalamu haijagusa karatasi.

Unakumbuka mgao wa Oktoba 2022, mto Ruvu ulipopungua. Mi nakumbuka kwa madumu. Kijana wa mkokoteni anakuja saa kumi na moja alfajiri, madumu ya lita 20 mengine hayana vifuniko yamezibwa na mfuko wa nailoni, unasikia magurudumu unatoka mbio na khanga, maana ukichelewa ameshaishiwa mtaa wa nyuma. Nilikuwa nagawa: dumu moja kupika na kunywa, moja watoto waoge waende shule, maji ya kuogea yanabaki kwenye beseni ya kumwagia chooni. Mtu aliyeishi hivo hata wiki tatu akisikia maji yanapewa kampuni lazima aulize maswali, na akiuliza msimwite mpotoshaji.

Halafu tulishapita huku. Agosti 2003 maji ya Dar yalikabidhiwa City Water, ubia wa Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na Superdoll ya hapa nyumbani, mkataba wa miaka 10. Kubinafsisha DAWASA, shirika la maji la Dar, lilikuwa moja ya masharti tuliyowekewa na Benki ya Dunia na IMF ili tusamehewe madeni, na kwenye tenda yenyewe mwisho wa siku ikabaki kampuni moja tu iliyoleta maombi, hakuna hata wa kumlinganisha naye. Wakati huohuo pesa za msaada za Waingereza zikawa zinalipia kampeni ya kutueleza uzuri wa ubinafsishaji, mpaka wimbo ukatungwa. Wimbo tuliusikia Mheshimiwa, mkataba hatukuuona.

Haikufika hata miaka miwili. Makusanyo hayakufika kule walikoahidi, kodi ambayo kampuni ilitakiwa kuilipa DAWASA kwa kukodi mitambo ikaacha kulipwa, na Mei 2005 Edward Lowassa, ndo alikuwa kwenye kiti chako, akatangaza mkataba umevunjwa, tarehe 1 Juni mabosi wa kampuni wakapandishwa ndege. Sasa kilichofuata ndo kinaniuma mpaka leo. Kesi ikaenda kwenye baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia, mashirika ya utetezi ya hapa nyumbani, LHRC la haki za binadamu, LEAT la mazingira na TGNP la jinsia, wakaomba wawasemee wananchi, wakaruhusiwa kuandika maoni yao tu, kuingia kwenye kikao hapana, kuona nyaraka hapana. Yaani maji ni yetu, serikali ni yetu, na sisi tuko nje ya mlango. Julai 2008 waamuzi wakasema kampuni ilifanya kazi vibaya, ila na serikali nayo ilikiuka makubaliano ya kulinda wawekezaji kwa jinsi ilivyowatoa. Fidia hatukulipishwa kwa sababu kampuni yenyewe walishaiona haina thamani tena. Tulinusurika, lakini siwezi kuita ule ushindi.

Na si maji tu. TANESCO ilipopewa NET Group Solutions ya Afrika Kusini mwaka 2002 wafanyakazi walikataa, mameneja wapya wakaingia ofisini wakisindikizwa na polisi wenye silaha. Reli wakapewa RITES ya India 2007, ikarudi serikalini 2011. Bandari juzi tu hapa, makubaliano na Dubai yamesainiwa Oktoba 2022, sisi tunayasikia Juni 2023 yameshafika bungeni, watu wakaja juu na waliosema kwa nguvu wengine wakakamatwa Agosti ile. Kila mara tunaambiwa wananchi hawajaelewa. Tutaelewaje kitu tunachooneshwa kikiwa kimeshasainiwa?

Kuna mji unaitwa Cochabamba, uko Bolivia, naomba wasaidizi wako wakueleze habari zake. Mwaka 1999 serikali yao, nayo ikisukumwa na Benki ya Dunia, ikawapa maji kampuni ya Aguas del Tunari, ndani yake kulikuwa na Bechtel ya Marekani. Huko nako aliyejitokeza kwenye tenda alikuwa mmoja. Januari 2000 bili zikaruka, kuna watu zilizidi mara mbili, na wakulima waliochimba visima kwa mikono yao wakasikia navyo vitaingia mikononi mwa kampuni. Wakulima wa umwagiliaji na wafanyakazi wa viwandani wakaungana, barabara zikafungwa. Machi wakaandaa kura yao wenyewe mtaani, watu karibu 50,000 wakapiga kura, karibu wote wakisema mkataba uvunjwe. Serikali ikaipuuza kura ile. Aprili ikatangazwa hali ya hatari, kijana wa miaka 17, Víctor Hugo Daza, akapigwa risasi akafa, na siku mbili baadaye serikali ikakubali kampuni iondoke. Kile walichokikubali tarehe 10 Aprili si wangekikubali Machi mtoto wa watu akiwa hai?

Sikutishi Mheshimiwa, na wala Cochabamba haikugeuka peponi, kuna vitongoji vya kusini mwa mji ule viliendelea kununua maji ya maboza miaka mingi baada ya hapo. Hata sisi City Water iliondoka madumu yakabaki. Kwa hiyo sisemi serikali ikiendesha yenyewe kila kitu kinanyooka, nasema mwenye kiu aulizwe mapema.

Mtaniambia EWURA, wasimamizi wa huduma za maji na umeme, wanaita mikutano ya taftishi, yaani ya kukusanya maoni ya wananchi. Ni kweli, wanaita, lakini pale tunajadili bei, wakati bei ni mtoto wa mkataba. Nani anawajibika bomba likikauka, hela ya kuunganishia wanyonge inakaa wapi, kesi ikitokea inasikilizwa mji gani na nani ataruhusiwa kuingia, hayo yote yameshaandikwa kabla ya taftishi.

Ofisi ya serikali ya mtaa wetu ina ubao wa matangazo pale mlangoni. Tunabandikiwa siku za chanjo, zamu za usafi, mikutano ya hadhara, na watu wanasoma, wasioona vizuri wanasomewa na watoto wao. Bandikeni na mkataba hapohapo, miezi mitatu kabla ya kusaini, halafu muje mtusikilize. Viti tutaleta wenyewe.

Wako,
Mama muuza genge, Tabata