Monita mbili halafu zote zinaonyesha kitu kilekile

Mhariri, salaam toka Nyegezi huku Mwanza. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, mchana nashika vitabu vya hesabu vya mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, usiku najisomea mitihani ya uhasibu ya CPA. Naomba nafasi niongelee hizi monita, maana ukurasa wenu wa teknolojia kila nikifungua ni simu mpya, kamera megapikseli ngapi, sisi wa kompyuta tumesahaulika kabisa.

Mwaka jana nilinunua monita ya mtumba, inchi 22, nikaichomeka kwenye laptopu kwa waya wa HDMI nikafurahi kama nimepata kiwanja. Miezi mitano, narudia mitano, vioo vyote viwili vinaonyesha kitu kilekile na mi nikajua ndo inavyokuwaga! Na cheti cha kompyuta ninacho, nililipia hela yangu kwenye senta moja hapa mjini, tukakaririshwa CPU ni ubongo wa kompyuta, kibodi ni nini, mausi ni nini, lakini hakuna aliyetuambia bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P uchague ekstendi, kioo cha pili kiwe nafasi ya ziada, badala ya dupliketi, vioo vyote kuonyesha kitu kimoja. Na kitu chenyewe kipo toka Windows 7 ya 2009, siyo cha jana. Aliyenionyesha ni mpangaji mwenzangu, dogo wa chuo, alikuja kuazima pasi, akaona, akacheka sana.

Baada ya hapo ikaja kero ya mausi. Monita iko kushoto kwangu ila ili mshale uende kule eti inabidi niusukume kulia, nikawa kama naendesha baiskeli usukani umegeuzwa. Kumbe kwenye setingi za disiplei kuna viboksi vimeandikwa 1 na 2, unavishika unaviburuta vikae kama vioo vilivyokaa mezani, na kama monita imeinuka kuliko laptopu na kiboksi chake nacho unakiinua. Kazi ya sekunde kumi, ilinitesa wiki nzima.

Sasa kwenye kusoma kwenyewe ndo nina ugomvi na hawa wanaojionyesha mtandaoni na vioo vitatu vinne, cha katikati kikubwa kama dirisha la basi. Jamani mtihani wetu tunaandika kwa kalamu! Kwa hiyo pale mbele, macho yanapotua bila kugeuza shingo, mi nimepaachia daftari. Monita kushoto, laptopu nimeisogeza kulia. Kwenye monita naweka swali la pastpepa, yaani mtihani wa zamani, na standadi yake, yaani kanuni ya uhasibu inayolihusu, moja nabonyeza Windows na mshale wa kushoto, nyingine Windows na mshale wa kulia, zinagawana kioo nusu kwa nusu. Nikiwa kwenye swali la IFRS 16, standadi ya kimataifa ya mikodisho, naona tarehe na riba upande huu, aya inayohusika upande ule, mkono unaandika. Zamani nilikuwa naruka toka dirisha moja kwenda jingine kwa Alt na Tab, nikirudi kwenye daftari nimeshasahau riba ilikuwa asilimia 9 au 12. Laptopu nimeiwekea Anki, ile programu ya kadi za kujikumbusha, na Ekseli ya kuhakiki majibu, ila Ekseli naificha mpaka nimalize, maana jibu likiwa linakukodolea macho hapo husomi tena, unanakili. WhatsApp haina kioo hapo. Wala mechi za Pamba Jiji, nilijaribu siku moja, mizania ikagoma kubalansi mpaka mpira ukaisha.

Halafu umeme, hilo sihitaji kuwaeleza. Ukikatika monita inakufa, laptopu inabaki na betri, na mara nyingine laptopu yenyewe haina habari kama mwenzake kazima, basi dirisha la swali linabaki kulekule gizani. Usizime mashine. Libofye kule chini kwenye taskibaa, kisha bonyeza Windows, Shifti na mshale kwa pamoja, linahamia kioo chenye uhai. Windows 11 ina setingi ya kukumbuka madirisha yalikuwa wapi ili monita ikirudi nayo yarudi, yangu bado ni Windows 10 kwa hiyo napanga upya huku nanung'unika.

Mhariri, hayo tu, robo safu mngeyaweka na picha yangeeleweka kuliko nilivyoyaandika mimi. Na nyie wenye senta, punguzeni dakika kumi kwenye ubongo wa kompyuta mfundishe hiyo Windows na P, vijana wanalipa hela.

Ila yule dogo pasi yangu hajarudisha mpaka leo.

Mtahiniwa wa CPA,
Nyegezi, Mwanza