Wito wa Harambee: Mguu wa Dereva Wetu wa Trela, Salgaa

Ndugu, dada, majirani wa Salgaa, na nyinyi mnaolaza trela hapa mkielekea mpakani Malaba: Bwana asifiwe.

Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, baada ya ibada ya pili, tutakuwa na harambee uwanjani mwa kanisa. Tunamchangia mguu bandia mzee mmoja wa kanisa letu, dereva wa trela, aliyekatwa mguu wa kushoto chini ya goti. Alikuwa akibadilisha tairi kando ya barabara, jeki ikateleza. Wengi mnamfahamu. Jina ameomba lisiandikwe, maana ujumbe huu utazunguka kwenye simu za watu asiowajua.

Kamati ilipokutana mara ya kwanza, wengi walipendekeza tumfungulie kibanda cha soda na kredi. Alikataa hapo hapo. Alisema biashara haijui, anachojua ni gari, na leseni yake ya daraja CE, ile ya trela, haikukatwa pamoja na mguu. Tulicheka, kisha tukanyamaza.

Kuna waliouliza, na ni haki yao kuuliza: barabara hii yetu iliyozika watu wengi hivi, tumrudishie mtu wa mguu mmoja? Hakuna hapa aliyesahau Sachangwan mwaka 2009, lori la mafuta lilipoanguka, moto ukalipuka na watu zaidi ya 100 wakafa.

Mwenyewe alitujibu kwa kutupeleka kwenye kichwa cha trela kilichoegeshwa hapo stejini. Mguu wa kushoto wa dereva kazi yake ni klachi, basi. Mafuta na breki ni za mguu wa kulia, na wa kulia anao, mzima. Gari linalojibadilishia gia halina klachi ya kukanyaga, na breki ya kuegesha ni ya mkono. Isitoshe, mteremko wa Sachangwan haushukwi kwa kukanyaga breki tu, maana zikipata moto zinaisha nguvu. Unashukwa kwa gia nzito, polepole, injini yenyewe ikilishika gari. Wale wanaoliachilia likiwa fri, yaani bila gia, ili waokoe dizeli ndio wanaotutia matangani, na wao miguu wanayo yote miwili.

Basi mguu bandia wa nini? Wa kupandia kabini, ambayo ngazi zake ziko juu. Wa kuzungukia trela usiku kugonga matairi na kuangalia kamba na sili. Wa kusimama foleni ya makaratasi pale Malaba. Hayo hayafanyiki kwa magongo, hasa mvua ikinyesha.

Na mguu wenyewe si kitu cha kununua dukani ukaenda zako. Fundi hupima kigutu, yaani kipande cha mguu kilichobaki, akatengeneza kikombe cha kukiingiza. Miezi ya kwanza kigutu hupungua, kikombe kikaanza kucheza, mtu akaongeza soksi juu ya soksi mpaka kikombe kingine kitengenezwe. Joto la kabini nalo huleta jasho, na jasho huleta vidonda. Kiatu kikikubana unakivua; kikombe kikianza kumchubua akiwa Burnt Forest, atafanyaje? Ndiyo maana tunaomba pesa za mguu, za kikombe cha pili, za soksi, na za nauli ya kurudi kwa fundi, zote kwa pamoja. Lengo letu ni shilingi 280,000. Karatasi ya fundi imebandikwa mlangoni mwa kanisa, kila mtu ajisomee.

Amejiandikisha na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na ombi lake la msaada limeshapelekwa. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa haki ya vifaa vya kumwezesha. Lakini haki ina foleni yake, na karo ya watoto haingoji foleni.

Mwenye gari, tunamshukuru, amemhifadhia kazi: kontena kutoka bandari kavu ya Naivasha hadi Malaba, kwa gari lisilo na klachi. Hapo tumeweka sharti, na dereva mwenyewe amelikubali: hagusi stiarini mpaka daktari ampime na mkaguzi amjaribu akiwa na mguu mpya. Njia ya mkato hatutaki, hata akituletea ng'ombe.

Kadi za mchango ziko kwa katibu. Asiye na pesa alete kuku, ndizi au gunia la viazi. Tutafanya mnada, na akina mama watapika chai. Madereva ambao Jumapili hiyo mtakuwa safarini, ahadi zenu zitaandikwa daftarini kwa mweka hazina, na risiti mtapewa mkirudi. Kikizidi chochote, kitawekwa kwa ajili ya tanboi aliyevunjika mgongo mwaka jana na ambaye kiti chake cha magurudumu kimeisha matairi.